Hatua Mbili za Murdo

Neville Tulloch alikuwa mfupi, na vijiguu vyake vilichekwa kijiji kizima cha Otautau. Lakini kwa vijiguu hivyohivyo alikuwa amewavusha ng'ombe wake vipupwe ishirini na sita bila bitiruti za malisho kumuulia hata mmoja. Ng'ombe asiyezizoea akizibugia, tumbo hujaa tindikali akafa. Kwa hiyo Neville aliwashibisha nyasi kavu kwanza, ndipo akausogeza mbele waya wa umeme uliowazuia wasizifikie bitiruti zote shambani. Hatua mbili kwa siku, basi.

Juni hiyo, katikati ya kipupwe, aliteleza kwenye barafu akavunjika paja. Shemeji yake Murdo, kaka wa mkewe Glenys, akaja kusaidia bila kuombwa. Lilikuwa jitu la kuinama kila mlangoni, na lenye moyo mwema ajabu.

"Nyasi kwanza," Neville alimwambia kutoka kitandani. "Halafu waya, hatua mbili. Usizidishe, Murdo, nakuomba."

"Mbili, si tatu. Tulia upone, shemeji kimo cha kuku!"

Siku tano ukungu ulilifunika shamba. Ya sita ulipoondoka, Neville alichungulia dirishani. Waya ulikuwa mbali mno. Ulishapita lango la kisimani, na yeye angeufikisha hapo baada ya siku nne zaidi.

Akapiga kelele. Murdo alikuwa juu ya pikipiki, injini inanguruma. Akampigia simu, ikaita jikoni, pale Murdo alipoisahau mezani. Glenys alikuwa mjini. Neville akajaribu kushuka kitandani, maumivu yakamrudisha chini, akalia kwa hasira kama mtoto.

Mbele ya macho yake Petal akaanza kuyumba. Petal ndiye mama na bibi wa nusu ya kundi, na alikuwa na mimba ya kuzaa Agosti. Akapiga magoti, kisha akalala ubavu. Wengine wawili wakamfuata.

Daktari wa mifugo, aliyepigiwa simu na Neville, alifika saa sita, akawanywesha dawa wote watatu. Wale wawili waliinuka. Petal hakuinuka.

Murdo akaja dirishani, kofia mkononi. "Mbili, shem. Naapa kwa Mungu sikuzidisha hata moja."

"Najua," alisema Neville. Angependa sana kumtukana, lakini angemtukana kwa lipi? Mtu alifanya alichoambiwa. Ni yeye aliyetoa hesabu ya miguu yake mifupi akampa mwenye miguu mirefu ile.

"Bwana Tulloch," daktari akaita kwa upole kutoka alipolala Petal, "huyu hatasimama tena, na ndama hawezi kuokoka. Anateseka. Niruhusu nimpumzishe."

Wote wakamgeukia Neville. Akaitikia kwa kichwa.

Glenys, aliyekuwa amerudi kutoka mjini, akashika pazia alifunge.

"Liache," Neville akasema. "Petal amezoea kuniona."