Masale ya Bibi na Beberu wa Jirani

Kitu cha kwanza ninachokikumbuka duniani ni harufu ya ngozi ya mbuzi niliyokuwa nalalia kwa bibi, huko juu Chome. Ilinuka moshi, nami niliipenda. Nasema mbuzi, maana juzi pale Same nimeona mtu anazungushia shamba seng'enge kuzuia mbuzi, nikacheka peke yangu. Uzio wa bibi ulikuwa masale tu, yale majani ya mpaka ambayo kwetu mtu hathubutu kuyaruka. Mimi nikajua hata mbuzi wanayaheshimu.

Mchana mmoja beberu wa jirani akaja, ameyakodolea macho maharage yetu, chakula cha msimu mzima.

"Mama Nakijwa, mfunge mumeo!" bibi akampigia kelele jirani.

"Akiingia, mpike na maharage hayohayo!" jirani akajibu.

Beberu akapenyeza pua kwenye masale. Nikamkemea, "Wee! Huo ni mpaka!" Akaruka nyuma. Nikajiona chifu.

Miiba ya mgunga, ambayo bibi aliipandisha toka tambarare akaificha katikati ya majani, nilikuja kuijua ukubwani. Siku ile beberu alinitazama, akageuka, akaenda zake taratibu, wala hakurudi tena.