Tumbo Lililofungiwa Ndani

Upasuaji wa kupunguza uzito nilifanyiwa Columbus, hapa Marekani, kwa kuwa binti yangu anasoma huko na angeweza kunitunza. Walikata tumbo langu, wakaacha kifuko cha ukubwa wa yai, wakakiunganisha na utumbo. Nilidhani sehemu kubwa ilitupwa. Daktari akasema hapana, imo ndani, imefungwa juu. Haitapokea chakula tena, lakini iko hai. Tangu siku hiyo nilijua ninatembea na kitu kinachongoja.

Nilimshukuru Mungu. Sukari ilishuka, nikapanda ngazi za kanisa letu Louisville bila kushika ukuta. Njaa ikatoweka kabisa. Nilikula kwa sababu saa imefika, na mara nyingine nilihisi kama ninamlisha mtu mwingine.

Mwaka uliofuata nilikwenda Buffalo kwa mdogo wangu, tufunge na kuomba wiki nzima, kama tulivyozoea katika kambi ya wakimbizi Tanzania. Nyumba yake iko karibu na mto, na asubuhi zile ukungu ulifika madirishani, hata nyumba ya jirani haikuonekana. Aliponifungulia mlango alinizunguka mara mbili.

"Dada, limebaki koti tu. Nimkaribishe nani?"

Tulipiga magoti saa nyingi, na magoti yangu, bado ya kizee, yaliuma. Mdogo wangu anafanya kazi kwenye ghala la mizigo, ambako wanawake hubeba vidonge vya maumivu mkobani, ibuprofeni, na kupeana kama pipi. Akanipa. Karatasi ya hospitali ilinikataza vidonge hivyo maisha yangu yote. Binti yangu alinisomea mara mbili. Lakini mimi niliona kidonge cha goti kinakwenda gotini. Nikameza kila asubuhi na kila mchana, tumbo tupu, nikaendelea kuomba.

Siku ya nne moto uliwaka chini ya kifua. Siku ya tano kitu kilinguruma ndani, mbali, kama mtu aliye chumba cha pili. Mdogo wangu aliweka sikio tumboni mwangu, akarudi nyuma, akaanza kukemea pepo. Mimi niliwaza ni lile tumbo, limechoka kungoja. Siku ya sita choo kilikuwa cheusi kama lami. Nilishika sinki nisianguke, na kwenye kioo nikamwona mama yetu, na rangi aliyokuwa nayo tulipomzika.

Hospitalini, mkalimani aliuliza kwa simu kama nimemeza dawa yoyote ya maumivu. Mdogo wangu alisimama pembeni. Sikutaka kumwaibisha, nikageukia ukuta. Daktari akauliza tena.

"Nilimpa mimi," mdogo wangu akasema. "Mwambie daktari. Na mkobani vimo vingine."

Walipitisha kamera kooni. Vidonge vilikuwa vimechimba kidonda pale pale kwenye mshono wa kifuko, nacho kilivuja damu. Daktari alisema siku mbili zaidi zingetosha kuniua. Lile tumbo la zamani, akasema, halina kosa lolote.

Kidonda kilipona kwa dawa za kupunguza asidi, na kwa rehema. Mdogo wangu hunipigia kila asubuhi kuuliza kama nimekunywa dawa zangu. Lakini daktari aliniambia pia kwamba lile la zamani bado linatengeneza asidi yake, kila siku, kwa chakula kisichofika. Ninapobariki sahani yangu ndogo, mimi hutulia kidogo kabla ya amina. Siku nyingine, huko chini, kitu huitikia kwanza.