Chaki Niliyochora Kwenye Milango ya Watu

Habari hii nyumbani kwangu hairuhusiwi kusimuliwa wakati wa kula, kwa sababu mke wangu anacheka mpaka anapaliwa, na mimi kwa kweli sioni cha kuchekesha, lakini kwa kuwa nyie mmeng'ang'ania na leo sina pa kukimbilia, nitaisema mwenyewe kabla hajatokea mtu wa kuisema vibaya zaidi: mimi, kijana wa Majengo, Mpanda, msomi wa chuo kikuu, mwaka wa tatu sayansi ya siasa, niliwahi kuezua nyumba kumi na tatu za watu kwa kipande cha chaki. Sikupanda hata paa moja. Nilichora tu.

Ilikuwa miaka ile ya sabini, watu wameshatolewa huko maporini walikokaa na kupangwa kwenye vijiji vipya, na sisi wanafunzi tukatumwa kila mmoja akafanye utafiti upande wa kwao. Swali langu lilikuwa kama wananchi wanashirikishwa katika maamuzi yanayowahusu. Nikachagua kijiji kimoja ng'ambo ya Inyonga, nikijiona mwenyeji, maana mama yangu ni Mkonongo na Kikonongo nakisikia vizuri (kukizungumza nazungumza kama mtoto anayeomba uji, lakini nani angeniuliza). Nikafika na suruali yangu ya bugaluu, viatu vya raizoni vyenye visigino virefu, na bahasha ya fomu za maswali, katika lile joto la mwisho wa kiangazi ambapo kila mtu anaangalia mawingu.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Lusambo, alikuwa mtu mpole mwenye mguu mmoja mbovu, akanipokea, akanipa chumba, mkewe akanipa ugali na mlenda, na kila nilichosema akajibu, "Sawa, baba." Nikamwambia nitazungumza na kaya chache tu, sawa baba. Nikamwambia lazima nizichague kwa utaratibu, kila nyumba ya tatu, sawa baba. Mimi moyoni nikasema hawa watu wana ushirikiano kweli, nikaandika kabisa kwenye daftari kwamba uongozi wa kijiji umetoa ushirikiano mkubwa. Mjinga mimi.

Sasa sikilizeni uvivu unavyomponza mtu. Nyumba zilikuwa thelathini na tatu, zimepangwa mistari miwili kando ya barabara, zote za udongo, zote za nyasi, zote zinafanana, na mwalimu wetu chuoni alikuwa ametufundisha kwamba ukishachagua nyumba uandike jina la mwenye nyumba na uchore ramani. Kuchora ramani juani nikaona kazi. Nikaenda kwa mwalimu wa shule ya msingi, nikamwomba chaki, nikapita asubuhi wakati watu wako mashambani, nikawa nachora X kubwa kwenye mlango wa kila nyumba ya tatu, ili kesho nikianza kuuliza maswali nisichanganye. Na Mzee Lusambo alikuwa nami muda wote, anachechemea nyuma yangu, amenishikia boksi la chaki. Hata pale X ya nyumba ya saba ilipopinda, alifuta kwa kiganja chake mwenyewe akasema, "Rudia, baba, isomeke vizuri." Nikarudia.

Nilipomaliza milango kumi na mmoja nikaazima baiskeli ya mwalimu nikaenda Inyonga, kwa kuwa kibali changu cha utafiti kilitakiwa kigongwe muhuri kule ofisini ndipo nianze kazi. Bwana wa muhuri hakuwepo, nikaambiwa nisubiri, nikasubiri mpaka nikalala huko, kesho yake akaja, akagonga, nikapanda baiskeli nikarudi napiga mluzi, najiona nimeshapata alama zangu zote.

Nilipoingia kijijini kama saa saba mchana nilidhani nimepotea njia. Nyumba kadhaa zimesimama kuta tupu, wazi juu, kama vyungu visivyo na vifuniko. Nyasi zimeshushwa zote, zimefungwa matita mazuri, zimepangwa kando. Vitanda nje, mitungi nje, majembe yamefungwa pamoja kwa kamba za magome, kuku wamefungwa miguu, na watu wamekaa juu ya mizigo yao wanaangalia barabara. Mbele kabisa amekaa mama mmoja, Mama Yustina, mgongoni ana mtoto wa wiki tatu. Akanisalimia vizuri tu, "Pole na safari, baba," halafu akaniuliza, "Lori linafika saa ngapi?"

Nikasema lori gani.

"La kutuhamisha."

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Kumbe miaka miwili nyuma, wale waliokuja kuwatoa maporini walipita kwanza na chokaa wakachora milango, na kesho yake lori likaja. Walioezua mapema waliondoka na nyasi zao na miti yao, na waliosubiri kuuliza walishuhudia nyumba zikiwaka moto na vitu ndani. Watu wameshajifunza. Mlango ukichorwa, huulizi, unaezua. Na hesabu yenyewe ikanishinda, maana mimi nilichora kumi na moja lakini zilizoezuliwa zilikuwa kumi na tatu, nikazunguka nikihesabu kama mwendawazimu, mpaka nikakuta milango miwili ina X ya mkaa. Ndugu wawili, nyumba zao hazikuchorwa, lakini ya kaka yao ilichorwa, wakaona bora wajichore wenyewe wahamishwe pamoja kuliko kuachana.

Nikamwendea Mzee Lusambo, nimekasirika (mimi ndiye niliyekasirika, hebu oneni), nikamwambia, "Mzee, si ulikuwa na mimi? Mbona hukuniuliza alama ni za nini?"

Akanitazama kwa huruma. "Wale wa kwanza nilishawauliza, baba," akasema, akaonyesha ule mguu wake kwa fimbo.

 Halafu akapiga rimu la gari lililoning'inia pale ofisini kwake, watu wakakusanyika, nikapewa nafasi nijieleze. Nikaanza na maneno ya chuoni, utafiti, sampuli, kaya wakilishi, najiona mwenyewe ninavyotokwa jasho. Mzee mmoja akanyoosha mkono.

"Kwa hiyo hatuhami?"

"Hamhami."

"Na hiyo alama?"

"Ni ya kuniwezesha nije niwaulize maswali."

"Sasa si ungekuja tu ukauliza? Mlango ndio unajibu?"

Wanawake wakaangua kicheko, na hicho kicheko kingekuwa nafuu kama si mawingu yaliyokuwa yanajaa upande wa magharibi. Wanaume wengi wenye nguvu walikuwa msituni kurina asali, wasingerudi kabla ya wiki mbili. Kushusha nyasi wanawake na wazee waliweza, unavuta kwa mti zinadondoka, lakini kuezeka ni kazi ya kupanda juu, na kule mwanamke hapandi paa. Na nyasi nyingine hazikuwepo, moto wa kiangazi ulikuwa umeshamaliza pori zima. Tulikuwa na hayo matita tu, wazee wachache, mwalimu, na mimi ambaye mahali pa juu kabisa nilipowahi kupanda ni ngazi za bweni.

Nikapanda. Ningefanyaje? Mzee Lusambo akakaa chini kwenye kigoda ananiongoza kwa fimbo, weka hapa, kaza kamba, siyo hivyo, fumua. Nyumba ya pili, nimechuchumaa juu ya fito, kijiji kizima cha akina mama kimenizunguka chini wananirushia matita, bugaluu yangu ikapasuka kutoka kiunoni mpaka karibu na goti, na niamini mimi, mlio ule ulisikika. Hakuna aliyegeuza uso. Mke wa mwenyekiti akanirushia kitenge chake, akasema, "Jifunge, mwanangu, tumeshaona." Kwa siku zote zilizofuata msomi wa siasa aliezeka nyumba za watu amevaa kitenge chenye maua, pekupeku, mikono imechanika kwa kamba za magome, na watoto wa shule wakipita wananiita Bwana Alama.

Nilitaka nyumba ya Mama Yustina iwe ya kwanza, kwa ajili ya yule mtoto. Akakataa. Nikafuta X yake mbele ya macho yake kwa kitambaa cha maji, akakataa. Amekaa nje kwenye mizigo yake, kuku wake bado wamefungwa, ananijibu bila hasira hata kidogo, na hicho ndicho kilichoniudhi zaidi.

"Ukiiezeka leo na lori likija kesho, nyasi zangu zitaungua. Zikiwa chini nitazibeba."

"Mama, nakwambia lori halipo."

"Hata wale walituambia hatuhami. Walikuja na kalamu kama wewe."

Siku ya tatu alasiri mvua ikashuka. Tulikuwa tumemaliza nyumba nane. Kila mtu akakimbilia kwa jirani mwenye paa, na Mama Yustina akakimbilia kwa Mzee Lusambo, lakini alichelewa, alikuwa anafunika matita yake ya nyasi kwa ngozi ya ng'ombe ili yasilowe, na mtoto amelowa mgongoni. Jioni ile mtoto akaanza kukohoa. Kikohozi cha mtoto wa wiki tatu hakina sauti kubwa, ila kila kikitoka mimi nilikuwa nafumba macho. Niliogopa, sisemi uongo. Nikajua huyu mtoto akifa, nimemuua mimi, na chaki.

Asubuhi nikachukua kibali changu cha utafiti, chenye muhuri ule niliousubiri Inyonga, nikampelekea. Kusoma hajui, lakini muhuri anaujua. Nikamwambia, "Mama, karatasi hii ndiyo inayoniruhusu kufanya kazi. Kaa nayo wewe. Likija lori, waonyeshe, waambie umepewa na mtu wa chuo kikuu." (Ile karatasi isingezuia hata baiskeli, nilijua, lakini ndiyo pekee niliyokuwa nayo.) Akaigeuza, akaugusa muhuri, akauliza, "Na wewe bila hii utafanyaje?" Nikasema sitafanya chochote, nitarudi nyumbani. Akafikiri. Halafu akaenda kuwafungua kuku miguu, akaniambia, "Panda."

Mtoto alipona, baada ya siku tano na dawa aliyoifuata mwalimu Inyonga kwa baiskeli ileile. Nyumba zote kumi na tatu zikapata paa, ya Mama Yustina ndiyo niliyoiezeka vizuri kuliko zote, kwa kuwa nilishajua kazi. Fomu zangu hazikujazwa hata moja. Siku ya kuondoka nikapita kuaga, nikatamani kumwomba kibali changu, nikaona haya, naye kama kaniona moyoni akasema, "Karatasi yako naitunza, baba. Siku nikiwa na uhakika hatuhamishwi tena, nitakuita uifuate."

Chuoni nilipata alama za chini za kunusurika tu, mwalimu wangu akaandika pembeni kwa wino mwekundu kwamba sikuwauliza wananchi swali hata moja, na sikubishana naye. Tangu hapo mlango wa mtu siugusi mpaka mwenyewe awepo, na nikiingia kwa mtu, hata kama nauliza njia tu, kwanza nakaa, nasema nimefuata nini na sikufuata nini, halafu nanyamaza mpaka aniulize yeye. Mke wangu anasema nawachosha watu. Nawachosha, ndiyo. Mama Yustina mpaka leo hajaniita.