Siku Tuliyoshikana Mikono Doha

Kwetu Gisenyi mume na mke wa rika letu hawashikani mikono barabarani. Vijana wa siku hizi wanashikana, tena ufukweni mchana kweupe, na hakuna anayewauliza. Sisi hapana. Mume wangu hutangulia, mimi nafuata nyuma na beseni langu la karoti na kabichi, na nikiwa na neno la kumwambia napaza sauti kidogo. Ndivyo tulivyotembea miaka yote ya ndoa, kutoka nyumbani Nengo hadi karibu na Grande Barrière, kituo cha mpaka wa Kongo. Hapo yeye hukata kona kuteremka ziwani, anakotengeneza injini za mashua, na mimi navuka kwenda kuuza Goma. Mara moja, tukiwa bado wapya, nilijaribu kumshika mkono tukitoka misa. Aliuchomoa kwa adabu, akajifanya anatafuta leso mfukoni.

Kwa hiyo nikiulizwa ni siku gani ya ndoa yangu ningependa kuirudia, siitaji ya harusi. Naitaja ile tuliyopita Doha, mji wa jangwani ambao hatukuwa na shughuli nao hata kidogo.

Tulikuwa njiani kwenda India kwa ajili ya macho yake. Kisukari kilikuwa kimepasua mishipa ndani ya jicho la kulia, damu ikajaa humo, na jicho likazima, ingawa ukilitazama kwa nje huoni kasoro yoyote. La kushoto, alituambia, bado linaona vizuri. Daktari wa Kigali alisema twende upesi kabla hilo nalo halijaharibika, maana hospitali ile ya India ndiyo iliyobaki, na yeye hakutaka kutuahidi kitu. Watoto wakachanga nauli. Ndege ilitushusha Doha asubuhi, nyingine ingeondoka jioni, na binti yetu mkubwa alikuwa ametuombea ruhusa ya kutoka nje tukatembee. Alisema hatuwezi kukaa mle ndani tukitazamana mchana kutwa.

Mume wangu alitaka tukae tukitazamana. Alisema amechoka, viti ni vizuri, na nje ni jua tu. Nikamwambia kwamba viti tumeviacha vya kutosha Nengo, na jangwa sijawahi kuliona tangu nizaliwe. Nilienda chooni kutengeneza kitambaa changu kichwani, na niliporudi nilimkuta amesimama, begi begani, tayari. Nilijua nimeshinda, na mimi nikishinda huwa sifichi.

Milango ilipofunguka joto lilinipiga usoni kana kwamba nimeinamia tanuri la mkate. Na pale pale mlangoni, mbele za watu, mume wangu alinyoosha mkono akaushika wangu. Hakunishika kiwiko wala hakunivuta kama mtu anayevusha mtoto. Aliingiza vidole vyake katikati ya vyangu, akatulia.

Niliona haya kama msichana. Nilitazama kulia na kushoto kama kuna mtu wa Gisenyi. Hakuwepo, walikuwepo Waarabu, Wahindi na Wazungu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na habari na sisi. Nikajiambia, kumbe huyu mzee alikuwa anangoja avuke mipaka yote ndipo anipende. Ndani ya teksi hakuniachia. Tuliposhuka sokoni hakuniachia. Na kubwa zaidi, hakutangulia. Tulitembea sambamba, taratibu, bega kwa bega, na mimi kwa mara ya kwanza sikuwa nikizungumza na mgongo wake.

Basi nilizungumza. Soko lile lina vichochoro vyenye kuta za rangi ya udongo, magunia ya viungo yamefunguliwa midomo, na mahali fulani wanauza ndege wakubwa wa kuwindia, wamekaa kwenye vijiti kimya kama watu waliofiwa. Nilimwonyesha kila kitu. Yeye aliitikia tu, "Eeh, iko muzuri," na kunibana vidole. Nilidhani ni furaha imemjaa. Mlinzi mmoja Mkenya alisikia Kiswahili chetu akaja kutusalimia. Akatutania kwamba tumependeza kama maharusi, kisha akatuelekeza njia ya kwenda baharini. Nilicheka mpaka nikaona aibu. Mimi nilikulia Tanzania na mume wangu alikulia Goma. Kinyarwanda ni cha nyumbani, lakini Kiswahili ndicho alichonitongozea, na kusikia mtu wa mbali akituita maharusi kwa lugha hiyo kulinirudisha mbali sana.

Tulifika baharini jua likiwa utosini. Maji yalikuwa yametulia, na ng'ambo yake majumba marefu ya vioo yamesimama mengi hata macho yangu yaliuma. Nikasema naenda kununua maji ya kunywa. Nilimwachia mkono, nikavuka hadi kwenye kibanda. Nilipogeuka na chupa zangu nilimwona bado amesimama pale pale nilipomwacha, kwenye jua lile la kuua, mkono mmoja umening'inia mbele yake kidogo. Kivuli cha mti kilikuwa karibu naye kiasi cha kukigusa.

Nilimwita kwa utani, nikamwambia asogee kivulini asiive. Akageuka upande wa sauti yangu, akatabasamu, akaanza kutanguliza mguu, polepole, akipapasa lami kwa ncha ya kiatu. Alikwenda upande usio na kivuli.

Chupa moja ilinidondoka. Nilimfikia, nikamvuta mpaka chini ya mti, nikamketisha kwenye ukingo. Nikamuuliza jicho la kushoto limezima lini.

"Kabla ya safari," alisema. "Ilianza kuwa kama moshi, halafu ikafunga. Sikupenda ulie mbele ya watoto. Mu ndege na ndani ya uwanja nilifuata sauti yako tu."

"Na Nengo unatembea peke yako. Unakwenda ziwani."

"Nengo naijua. Kila jiwe naijua, na nikipotea nashuka tu, ziwa iko chini. Huku yote iko sawasawa. Hakuna chini, hakuna juu. Huku mi sijui kitu."

Niliogopa. Kama yote mawili yamekufa, tulikuwa tunakwenda India kuomba muujiza. Hofu hiyo ilitosha kunijaza, lakini nitasema ukweli, kulikuwa na nafasi pia ya uchungu mwingine mdogo, wa kijinga, wa mwanamke aliyeitwa bi harusi asubuhi ile. Nikasema, "Kwa hiyo mkono wangu ulikuwa fimbo tu."

Alinywa maji, akafuta mdomo. Kisha akaniomba nimwambie kilichoko mbele yetu. Nikamwambia kuna maji, na ng'ambo kuna majumba marefu kama Nyiragongo, ule mlima wetu wa volkano.

"Donc, iko na moshi?"

Nikacheka, na nikiwa katika kicheko hicho nikaanza kulia. Yeye akanitafuta mkono mpaka akaupata. Tulikaa hivyo mpaka kivuli kikahama, nami nikimsimulia mji wa watu wengine: rangi ya vioo, wanaume wenye kanzu nyeupe zisizo na chembe ya vumbi, bustani iliyonyweshewa maji katikati ya jangwa. Niliongeza chumvi hapa na pale. Jioni tulirudi uwanja wa ndege tukiwa tumeshikana, na kwenye ndege sikulala. Niliomba Mungu yale maombi ya watu wasio na cha kutoa, kwamba amrudishie jicho moja tu na achukue anachotaka.

Alirudishiwa moja. Daktari wa India alitoa damu iliyokuwa imeganda ndani, na bandeji ilipofunguliwa mume wangu alinitazama kwa muda, akasema nimekonda. La kulia linaona mwanga tu. La kushoto linasoma hata namba za injini, akilisogezea karibu.

Asubuhi ya kwanza tuliporudi kazini, alitoka mlangoni Nengo akatangulia. Alitembea haraka, akisalimia watu kwa majina kutoka mbali, akifurahia kwamba anawaona. Mimi nyuma na beseni langu. Nilimshukuru Mungu kwa kila hatua yake, na papo hapo nilikuwa na huzuni ambayo sikuthubutu kumwambia mtu. Nilikuwa na hamu na yule kipofu wa Doha. Bado ninayo.

Juzijuzi jirani alikuja kunywa chai, akataka habari za huko tulikopita. Nilimsimulia soko, wale ndege wa kuwindia na majumba. Alipomgeukia mume wangu, yeye alisema hana la kueleza, hakuona hata kitu kimoja. Jirani akaondoka. Nilikuwa naosha vikombe, nikasema bila kugeuka kwamba basi angekaa tu kwenye viti vyake vya uwanjani asijisumbue.

Akaongea kwa ile sauti anayotumia akizungumzia injini iliyomshinda.

"Wakati ulienda kujifunga kitambaa, kuna mutu alikuja na kiti ya magurudumu. Alijua sioni. Alitaka kunisukuma, anitembeze muji yote, mi nimekaa kama mukubwa."

"Na wewe?"

"Nilikataa. Nikamuambia niko na bibi yangu. Sijui kama alisikia Kiswahili."

Sikugeuka, maana uso wangu haukuwa wa kuonyesha. Nilisuuza kikombe kile kile mara nyingi. Kesho yake asubuhi alitangulia kama kawaida, na mimi nikamfuata na beseni langu, nikicheka peke yangu njia nzima mpaka Grande Barrière.