Uhuru wa Kunong'ona

Kwao walimwita Redio, maana akianza kuzungumza hata kuku walihama uani. Lakini ugenini, jamani, ugenini humnyoosha mtu! Alipata kazi ya kupiga pasi mashati kwa dobi, akapanga chumba cha juu kwa bibi mmoja mjane. Wiki ya kwanza tu, usiku mmoja akiongea na mkewe kwenye simu kwa sauti ile ile ya kwao, bibi akagonga dari kwa mpini wa ufagio. Asubuhi akamwambia, "Kelele tena, unahama."

Na mkewe alikuwa anakuja mwezi ujao. Maskini, alisubiri kibali cha safari mpaka akakonda. Bila chumba hakuna mke, basi Redio akajizima. Akatembea kwa ncha za vidole, akapigia chafya kwenye mto. Hata kazini alinong'ona, na hakuna aliyemwomba.

Ikafika sikukuu ya uhuru wa kwao. Kila mwaka wenzake wawili wa nyumbani waliomtangulia huko, muuguzi na dereva wa basi, waliisherehekea kwa zamu, na mwaka huu zamu ilimwangukia yeye. Aliwapokea mchana huo, kidole mdomoni.

"Vueni viatu. Na msicheke."

"Tusicheke? Tumekuja matangani?" dereva akauliza.

"Shemeji yenu anakuja mwezi ujao. Mkinifukuzisha hapa, mtamlaza ninyi."

Wakafyata ulimi. Wakala wali kwa mkono, vijiko visije vikalia kwenye sahani. Soda zikafunguliwa chini ya blanketi. Kisha gwaride, maana kwao bila gwaride huo si uhuru. Dereva, skauti wa zamani, akanong'ona, "Mguu... sawa!" Watu wazima watatu wakazunguka kitanda kwa soksi, vifua mbele, kama wezi wenye nidhamu.

Wimbo wa taifa waliuimba kwa pumzi tu. Ulipoisha, muuguzi akashindwa. Dada huyu tangu utotoni wimbo ukiisha sharti apige vigelegele, hajiwezi. Redio akamrukia na kumgandamiza uso kwenye mto. Vigelegele vikatoka hivyo hivyo, vimekabwa koo, ungedhani mjane analia mbele ya jeneza.

Dakika chache baadaye, ngo, ngo, ngo.

Kwisha habari ya Redio! Akafungua mlango. Bibi alikuwa amevaa gauni jeusi, maua mkononi, macho yamemlowa.

"Pole sana, mwanangu. Nani amefariki?"

"Hakuna, bibi. Ni... leo nchi yetu ilipata uhuru."

Bibi akamtazama, akazitazama soksi, akamtazama muuguzi mwenye alama za mto shavuni.

"Ndiyo mnalia?"

"Hatulii, bibi. Tunashangilia. Si ulikataza kelele?"

"Nilikataza usiku, nipate kulala! Mchana wote huu, uhuru amekukataza nani?"

Aibu ikamshika Redio mpaka masikioni. Bibi akamsukuma kando, akaingia, akakaa kitandani na maua yake. "Haya, imbeni nisikie."

Redio akafungua mdomo aimbe kwa nguvu. Ukatoka mnong'ono. Akajaribu tena, mnong'ono. Ikabidi dereva ampige kofi la mgongo ndipo sauti itoke, na ilitoka mbovu, inakwaruza, nje kabisa ya wimbo, machozi yakimtiririka, naye hakuipunguza hata kidogo.