Goti la Yunisi

Elieza Mgaya, dresa, yaani mfunga vidonda, wa hospitali ya serikali pale Njombe enzi za Mwingereza, alipenda kuchonga miguu ya mbao kama wengine wapendavyo ng'ombe.

Yunisi, mama wa Kifanya aliyekatwa mguu juu ya goti, aliujaribu wake, akatembea vizuri, kisha akauvua.

"Chukua, Bwana Dresa. Umenyooka kama mpini wa jembe. Kesho narudi kwa mama mkwe. Nikimsalimia nimesimama wima, si atasema hospitali imenipa kiburi?"

Elieza alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe nimekupa mguu, nawe ulitaka goti!"

Akang'oa bawaba ya mlango wa stoo yake, akaukata mguu katikati, akauunga tena kwa bawaba hiyo, akatia na komeo dogo la kuukaza mtu akisimama. Kesho yake akamsindikiza mwenyewe hadi Kifanya.

Mbele ya mama mkwe, Yunisi alilegeza komeo akashuka taratibu. Bawaba ikalia kwiii.

"Kamwene, mama," akamsalimia.

Mama mkwe alijikaza asicheke, akashindwa, akaangua kicheko. "Kamwene, mwanangu! Inuka uingie, mlango umeshafunguka."

Tangu hapo Elieza hakupima mguu wa mama yeyote kabla ya kumuuliza humpigia nani goti. Mlango wa stoo aliuegemezea gogo, miaka nenda rudi.