Inaendelea Ubao wa Pili

Wenzake walimwita Kasuku tangu darasa la sita, na jina likamfuata mpaka chuo cha ualimu. Miaka kumi na sita alinakili, akakariri, akatapika yote kwenye karatasi ya mtihani, kisha akasahau. Alikuwa amechoka mpaka kwenye mifupa. Leo lilibaki jambo moja tu: kufundisha watoto mbele ya mkaguzi. Mara ya kwanza alianguka. Akianguka tena, ni mwaka mwingine mzima.

Mkaguzi, mzee wa miwani, aliketi nyuma, amejiinamia kwenye fomu yake. Kasuku akasimama mbele, maneno yakamtoka kama maji ya bomba.

"Andikeni. Jani hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua, maji na hewa. Inaendelea ubao wa pili."

Kalamu arobaini zikaandika.

"Mwalimu," akauliza mtoto wa dawati la mbele, "ubao wa pili uko wapi?"

Darasa lilikuwa na ubao mmoja.

Kasuku akakumbuka. Maneno hayo mwalimu wake wa darasa la sita aliyaandika pembeni ubao ulipojaa. Yeye akayanakili, akayakariri, akayaandika kwenye mtihani, akapewa vema nyekundu. Waliolipwa kusahihisha hawakusoma.

Akamtupia jicho mkaguzi. Bado anaandika, hakusikia kitu. Angeweza kunyamaza, na watoto arobaini wangekwenda kuyakariri.

"Wanangu, kateni maneno hayo ya mwisho," akasema kwa sauti. "Nimekosea. Niliyakariri bila kuelewa."

"Kumbe hata walimu wanakariri!" mmoja akadakia. Darasa likaangua kicheko. Mkaguzi akainua kichwa.

Kipindi kilipokwisha akamwita nje. "Binti, nilikuwa nimeshakupitisha. Umejichongea ya nini?"

"Walikuwa wameshaandika, mzee."

"Fomu inasema asiyelijua somo lake hapiti. Tuonane mwakani."

"Haya, mzee."

Watoto walikuwa mapumzikoni. Kasuku akaketi dawati la mbele, magoti yakigonga mbao. Daftari la yule mtoto lilikuwa wazi. Maneno yamekatwa kwa rula, mara mbili. Chini yake ameandika: *Jani linapataje maji?*

Kasuku hakujua. Akavuta kitabu cha watoto, akaanza kusoma, polepole, kama mtu anayesoma kwa mara ya kwanza.